Saa ya Marehemu Kaka Yake Sekunde

Benchi letu limeegemea kibanda cha Fundi Saa, na kahawa ni ya birika moja ambalo Profesa hulikalia kama mali ya urithi. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemzunguka Sekunde. Mzee wetu huyu anakusanya saa za mkono za zamani, zile za kifahari zenye vitufe ubavuni vya kupimia muda, na shati lake lililochakaa linajua gharama yake. Ya tano, adimu kuliko zote, ameachiwa na kaka yake tuliyemzika mwezi uliopita. Fundi alishaifungua mgongo.

— Mzee, kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha hesabu, cha chini kinarudisha sifuri, alisema Fundi. Nikitaka kung'oa mishale nisafishe, lazima nirudishe sifuri kwanza. Nibonyeze?

— Ngoja, alisema Sekunde. Hiyo hesabu kaiacha kaka mwenyewe. Ikifutika haipatikani tena.

Mishale midogo ilisema masaa tisa na dakika arobaini.

— Na hakuna aliyeisimamisha, Fundi akaongeza. Ufunguo umeisha ikiwa bado inahesabu.

— Sasa marehemu alikuwa anapima nini muda wote huo? nikauliza. Kosa langu, kuuliza mbele ya Profesa.

— Mbio za magari, akadakia Profesa. Saa za aina hii walizivaa madereva wa mashindano.

— Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu, Profesa. Hata baiskeli ilimshinda.

— Ndiyo ujanja wenyewe. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Itaingia tu, ipe nafasi.

— Mimi nasema alikuwa anapima ukuta, alisema Mpaka Rangi kutoka mwisho wa benchi. Rangi ya mafuta inakauka kwa masaa kumi. Ufunguo ulimwishia zikibaki dakika ishirini tu.

— Wewe hata ndoa yako unaipigia brashi, Profesa akamjibu. Sikilizeni. Dunia inapunguza mwendo, wakubwa wanatuficha, na mtu wa kuipima kimyakimya alikuwa yule. Kimya kingi kina mshindo.

Sekunde alicheka mpaka akamwaga kahawa. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu mazishi, na roho zetu zilitulia.

Hapo akafika mke wa marehemu, ameshika kisanduku cha saa ile. Tulimpisha akae, tukamweleza ubishi wetu.

— Mnahangaika bure, alisema. Alikuwa anampima huyu hapa. Kila shemeji akipiga simu kusema yuko njiani, mume wangu anabonyeza. Rekodi yake ilikuwa masaa manne.

Benchi zima lilicheka, Sekunde kuliko wote.

— Hata siku ile ya mwisho, wodini, alibonyeza. Akaniambia, usiizime, huyu atafika tu.

Alimgeukia Sekunde. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

— Hivi shemeji, ulipopiga ile simu ulikuwa umefika wapi?

Profesa alifunua birika akachungulia ndani. Fundi alitoa kidole kwenye kitufe, akarudisha kifuniko cha saa polepole. Siku ile Sekunde alikuwa hapa hapa katikati yetu, akitueleza habari za saa, na sisi ndio tuliomwambia amalizie kikombe kwanza.