Ombi Moja kwa Mwalimu Dakika Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkufunzi wetu mkuu anastaafu baada ya kukitumikia kituo hiki miaka ishirini na saba na miezi minne. Wanafunzi wanamwita Dakika Tatu. Mimi namwita Mwalimu. Nimepewa mimi, mpika chai, kazi ya kumwandikia wasifu kwa sababu nimekaa naye kuliko wote, na kwa sababu wasomi wenyewe walikaa vikao viwili wakashindwa kukubaliana aanze nani. Katibu muhtasi amechapa. Nimemkataza asiongeze maua.

Kwa mgeni asiyetujua: hapa tunafundisha maofisa wa makampuni namna ya kwenda serikalini, wakaeleza shida yao na wakaeleweka, bila kelele na bila bahasha. Watu hudhani hiyo ni kazi ya kuvaa suti. Mwalimu alifika hapa na koti moja la kahawia, na ndilo atakaloondoka nalo.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ofisa uhusiano wa kiwanda cha saruji. Siku moja alitumwa kwa mkubwa mmoja serikalini kuomba barabara ya kiwandani ikarabatiwe. Alibeba ripoti ya kurasa arobaini, akangoja kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana. Alipoitwa akaanza na historia ya kiwanda, akapita kwa waasisi, akaingia kwenye takwimu. Mkubwa akatazama saa, akasimama, akampa mkono na kumshukuru kwa kuja kumsalimia. Barabara ilikaa na mashimo yake misimu miwili ya mvua. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kwa kila darasa jipya, na kila mara alicheka yeye kwanza kabla hawajamcheka.

Ndipo akabuni Siku ya Benchi. Jumatatu ya kwanza ya kila darasa, wanafunzi wanakaa kwenye lile benchi la mbao karibu na stoo. Simu zote zinakusanywa kwenye beseni langu, na hakuna anayeambiwa ataitwa lini. Mmoja anangoja dakika kumi, mwingine saa mbili. Ukiitwa una dakika tatu: sema wewe ni nani, unataka nini, nani atanufaika, kisha unyamaze. Karatasi yako iwe ukurasa mmoja. Kurasa za ziada aliniletea niwekee vikombe, na kwa miaka yote hiyo sijanunua hata kitambaa kimoja cha meza.

Waziri wa mazoezi hayo ni mimi. Haikupangwa. Katika mwaka wake wa pili, ofisa mstaafu aliyekuwa akiigiza uwaziri hakutokea, nami nilikuwa naingia na sinia. Mwalimu akanipokea sinia, akaniambia nikae kwenye kiti chake nisiogope. Nani aliogopa? Akaingia ofisa mmoja wa tai nyekundu, akazungumza habari za wadau na mazingira wezeshi mpaka chai ikaota utando. Nikamuuliza:

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

Akaanza kupekua kurasa zake kulitafuta jibu. Jioni ile Mwalimu aliyaandika maneno hayo ukutani mwa ofisi yake, juu ya ubao, kwa rangi ya mafuta, na bado yapo, ingawa mwandiko wake unapanda kama ngazi. Tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa, darasani na jikoni, hata nikiwa nimeshika ndoo ya maji machafu. Wengine wote mnaniita Bibi. Sikatai, ndivyo nilivyo. Lakini kuanzia Jumatatu hakuna atakayeniita Mheshimiwa, na sikio langu limeshaanza kulitafuta hilo neno.

Alikuwa mkali, msimpake mafuta. Mwanafunzi mmoja aliniwekea mezani kalamu ndani ya kiboksi cha dhahabu kabla hajasema shida yake. Mwalimu alimfungia mkoba na kumrudisha kwao siku hiyo hiyo. Kalamu ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Meneja mwingine, mtu mzima na mvi zake, alichoka kungoja akamfokea mlinzi wa mlangoni. Hakujua kwamba nusu ya alama zilitolewa na mlinzi.

Na wapo waliofaulu. Mama mmoja wa kampuni ya maziwa alilia kwenye benchi lile, nikampa kanga yangu ajifute. Alirudia dakika tatu zake mara nne. Baadaye akaenda mbele ya kamati ya kweli na ukurasa wake mmoja, akaomba ukaguzi wa maziwa ufanywe alfajiri badala ya saa sita mchana, wafugaji wasimwage maziwa yaliyochacha. Wakakubali. Alikuja kutuambia mwenyewe. Mwalimu alimsikiliza, akamsifu, kisha akageukia dirishani akajidai anatazama mvua. Jua lilikuwa linawaka.

Saa kumi kila siku husimama kwenye dirisha la jiko langu na kikombe chake cha bati cha bluu. Haongei. Mimi nasugua sufuria, yeye anakunywa, basi. Mtu asiyejua angesema tumegombana. Wiki hii anafunga vitabu vyake kwenye maboksi, na kila boksi likitoka naona korido inarefuka. Kikombe nimekiosha mara tatu na sijui nikiweke rafu gani.

Sasa nifike kwenye aibu yetu. Mwalimu anahamia kwa binti yake mkubwa, safari ya saa nne kwa basi. Mkuu wa kituo ametamka wazi kwamba asipopatikana Mwalimu mwenyewe wa kuiongoza, Siku ya Benchi itafutwa, na wanafunzi watajifunza kungoja kwenye kompyuta. Ratiba inafungwa Ijumaa. Kwa hiyo Jumanne wakufunzi watatu walikwenda ofisini kwa Mwalimu kumwomba awe anarudi siku moja kwa kila darasa. Nilipeleka chai, nikakuta wa kwanza anakumbuka walivyoanza. Nikapeleka ya pili, nikakuta wa pili anataja tuzo. Wa tatu alitoa shukrani kwa niaba ya wenzake. Dakika arobaini zikaisha na ombi halijatoka kinywani mwa mtu. Mwalimu akasimama, akawapa mkono na kuwashukuru kwa kuja kumsalimia.

Watu wenye vyeti, hao. Walipotoka nilimwona Mwalimu kupitia mlango uliobaki wazi. Alikuwa amekaa na koti lake magotini, anayasoma maneno ya ukutani kama mtu anayeyaona mara ya kwanza. Muda wote alikuwa anangoja waombe. Nami ningeweza kuingia. Nilibeba vikombe nikaenda zangu jikoni, kwa hiyo mkiwacheka hao watatu nichekeni na mimi.

Wafanyakazi wote wanakushukuru, Mwalimu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu watiifu, na mtu wa kukununulia koti jingine. Ukaishi vizuri huko uendako. Na kwa kuwa dakika zangu zinakwisha, nasema kama ulivyofundisha.

Mimi ni mpika chai wa kituo hiki na waziri wako wa miaka ishirini na mitano. Nataka urudi kila Jumatatu ya kwanza ya darasa jipya, ushinde nasi, ulale nyumbani kwetu, mimi na mume wangu, asubuhi upande basi lako. Watakaonufaika ni wanafunzi, ambao bila wewe watazunguka na kurasa arobaini kama ulivyozunguka, na ni mimi. Usiniambie mstaafu harudi kazini. Mimi nilishastaafishwa nikarudi kwa mkataba wa chai, na hakuna aliyekufa.

Nimemaliza, nanyamaza. Ijumaa baada ya sherehe utanikuta nimekaa kwenye benchi.