Jumamosi za Jonan

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Jonan Kathembo, aliyekuwa polisi. Alizikwa wiki iliyopita hapa Kasese, akiwa na miaka arobaini na sita. Figo ndizo zilizomchukua. Tunamkumbuka pamoja na mkewe Feresita, Mama Bright, na wivu wake, maana mwenyewe haufichi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Jonan akiwa doria karibu na soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, alimpiga risasi mchukuzi aitwaye Muhindo. Muhindo alikuwa anakimbia na furushi la vitenge. Alikuwa anakimbia, narudia, na risasi ilimwingia mgongoni. Afande wake alitaka Jonan aandike kwamba marehemu alishika panga. Jonan akakataa. Mahakamani alisema: "Panga haikuwa. Walitufundisha kulenga miezi tisa. Kuacha hawakutufundisha hata siku moja. Lakini kidole ilikuwa yangu." Akafungwa miaka minne. Afande hakuulizwa kitu.

Feresita alimngoja miaka yote minne. Alipotoka, alimpikia bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki mkubwa. Jumamosi ya kwanza tu, Jonan akabeba jembe akapanda teksi ya Bwera, upande huohuo wa Mpondwe. Alikwenda kumlimia Provia, mjane wa Muhindo. Jembe akaliacha hukohuko, na kila Jumamosi akawa anarudi.

Roho ikamuuma Feresita. Kahawa yake mwenyewe ilikuwa imezama kwenye magugu. Siku moja akamfuata mumewe, akajibanza nyuma ya migomba. Jonan alikuwa analima muhogo kwenye jua kali. Provia alikuwa ameketi barazani, amempa mgongo. Salamu hakuna. Maji ya kunywa hakuna.

"Ningemukuta kitandani, ningejua ya kufanya," Feresita aliniambia. "Lakini mutu anakunyima maji na bado unarudi kwake? Mimi nilimungoja, nilimupikia. Jumamosi yangu iko wapi?"

Donge hilo alikaa nalo miaka saba. Mumewe alipofariki, aliapa kwamba mwanamke yule hataketi kwenye mkeka wa msiba wake.

Siku ya mazishi Provia akatokea na lile jembe begani.

"Nimeleta jembe yake," alisema.

"Weka hapo, uende," Feresita akamwambia.

Provia akaliweka chini. Hakwenda. "Mama Bright, mimi nilikuonea wivu," alisema. "Kila Jumamosi akimaliza kulima, alisema neno moja tu: 'Niache niende, Mama Bright iko ananingoja.' Mimi wangu alikufa, nitamungoja nani tena? Ndiyo sababu nilimunyima maji."

Feresita alilitazama jembe. Mpini ulikuwa umelainika pale mkono wa mumewe ulipokuwa ukishika. Anasema wivu ulimpanda tena, hata hapo. Kisha akasogea kwenye mkeka, akamwita Bright, binti yake, alete maji, vikombe viwili.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Feresita na Bright. Tunampa pole Provia pia, maana msiba wake haukupata redio. Jonan alilipa sehemu yake, kwa kifungo na kwa jembe. Na wewe afande unayetusikiliza, unayewafundisha vijana kulenga miezi tisa, umetenga siku ngapi za kuwafundisha kushusha bunduki?