Mama Halo na Nyumba ya Watu Wanne

Ndugu, majirani na marafiki, mmeacha shughuli zenu mkaja kumsindikiza dada yetu, na familia inawashukuru sana. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, ambaye sasa amebaki peke yake kati ya watoto watatu wa nyumba yao. Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu siku ya leo: maneno yasiwe marefu, na asifanywe malaika. Hilo la kwanza tutajitahidi.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimjua kwa jina la Mama Halo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa karani wa ghala na mshonaji wa nguo za shule. Aliyemfuata alikuwa mvulana aliyechelewa kutembea, akachelewa kusema, na akashindwa kufuata masomo kama wenzake. Mwaka 1962 maofisa walimshawishi baba ampeleke mtoto huyo Kituo Kikuu, yale majengo marefu nje ya mji ambako watu wenye ulemavu wa akili waliwekwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Walisema atafundishwa kazi. Dada alikwenda na mama kumwona. Safari ya kwanza mtoto alilia akang'ang'ania sketi ya mama mpaka wahudumu wakambandua vidole kimoja kimoja. Safari ya pili hakulia. Alikaa kwenye benchi, wala hakuinua uso.

Mvulana huyo alifariki huko mwaka 1964. Familia haikuambiwa alikuwa anaumwa nini. Anayesoma maneno haya alizaliwa baadaye na hakuwahi kumwona, lakini alimjua kupitia kwa dada yake, kwa sababu dada hakuacha kumtaja. Dada alikuwa mcheshi, hilo mnalijua, lakini ukitaka kumwelewa usianze na ucheshi wake. Anza na msichana wa miaka kumi aliyeona kuwa mdogo wake ameacha kulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 na kumaliza sekondari ya wasichana mwaka 1970. Huko ndiko sauti yake ilikojulikana. Alichaguliwa kusoma matangazo ya asubuhi kwa sababu alisikika mpaka jikoni bila kupaza sauti. Mwalimu mkuu alikuwa akisema, "Huyu msimpe siri. Akinong'ona tu, mtaa wa pili wanaitikia."

Baada ya kozi ya mapokezi na simu, aliajiriwa na halmashauri mwaka 1972 kuwa opereta, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2007. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, feni moja na ubao wa nyaya ambao baadaye uligeuka kuwa ubao wa vitufe. Kutwa nzima alikuwa akisema, "Halo, halmashauri, nikuunganishe na nani?" Watoto wa mtaani walimwigiza, jina likamganda.

Ndoa yake pia ililetwa na simu. Fundi mmoja wa mabomba ya maji alikuwa anapiga kuripoti bomba lililopasuka, na mabomba yakaanza kupasuka kila siku. Siku moja dada akamuuliza, "Fundi, hilo la leo limepasuka wapi?"

"Hapa hapa kifuani, mama."

"Basi funga koki uje ofisini," akamjibu, akakata simu. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Walijaliwa binti mwaka 1977, ambaye leo ni dereva wa malori ya masafa marefu, na mwaka 1981 wakapata mtoto wa kiume.

Mtoto huyo alikuwa hajatimiza mwaka dada alipoanza kumtazama kwa jicho lile la zamani. Alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa. Daktari alipotamka ulemavu wa akili, shemeji alilia. Dada hakulia. Alimkamata mumewe mkono akamwambia, "Niapie kuwa hatutampeleka kule." Shemeji akaapa.

Mtoto alipokua baba yake alimbatiza jina la Meya, maana hakupita mtu bila kumpa mkono, na mkono wenyewe hauachii mpaka umwambie umeshindaje. Maneno yake yalikuwa machache. Akiingiwa na hofu aling'ata mgongo wa mkono wake mpaka damu. Shule maalumu ilimfundisha kuvaa, kuoga na kuosha vyombo hadi alipofika miaka kumi na minane, kisha ikamwambia kwaheri. Mwaka huohuo, 1999, shemeji akafariki. Binti alikuwa mbali kikazi, na jirani aliyekuwa akimwangalia Meya akahama.

Sehemu inayofuata marehemu mwenyewe aliagiza isomwe. Kwa muda mrefu, kila alipokwenda kazini, alimfungia Meya ndani kwa ufunguo, na maji, mkate na redio. Hakuwa na mtu, na halmashauri haikuwa na huduma yoyote kwa mtu mzima kama Meya isipokuwa Kituo Kikuu. Alifunga mlango, akaenda kazini roho mkononi.

Asubuhi moja ya Agosti 2004 simu iliita pale chini ya ngazi. Mwanamke alikuwa anapiga kelele kwamba nyumba inaungua.

"Mtaa gani, mama? Sema polepole."

Mwanamke akautaja. Ulikuwa mtaa wa dada.

"Nyumba ipi?"

"Ile yenye geti la bluu! Hapana, ya jirani yake! Sijui, moshi umefunika kote!"

Geti la bluu lilikuwa lake. Waliokuwa pale wanasema aliwaunganisha zimamoto, akawatajia mtaa na njia ya kupita bila sauti kutetemeka, halafu akatoka mbio bila viatu, ufunguo mkononi. Alimkuta Meya ameketi barazani kwa seremala wa ng'ambo ya barabara, uso mweusi kwa masizi, anang'ata mkono. Moto ulikuwa wa nyumba ya pili, lakini moshi ulikuwa umejaa kwao, na seremala alikuwa amevunja dirisha kwa nyundo kumtoa. Meya alimtazama mama yake akasema, "Mlango ulikataa."

Binti alirudi siku hiyohiyo. "Mama, naacha kazi," akasema. "Nitakaa naye mimi."

"Ukae naye mpaka lini? Mpaka uzeeke? Sikukuzaa uje kuwa kufuli la mdogo wako."

"Sasa tufanyeje? Wewe mwenyewe hutaki apelekwe kule."

Kulikuwa na njia mbili na zote zilimtisha dada: moja ingemmeza mwanawe, nyingine ingemmeza binti yake. Ndipo akaanza kupanda ngazi zilizokuwa juu ya kichwa chake miaka yote. Alikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, akatafuta wazazi wengine wenye watoto wakubwa kama Meya, na akakuta nao walikuwa wanafunga milango. Walidai kitu kimoja: nyumba ya kawaida, katika mtaa wa kawaida, na walezi wanaolipwa na fedha za umma, kama mwalimu anavyolipwa na kama mfagia barabara anavyolipwa.

Halmashauri ilikubali, na nyumba hiyo ikafunguliwa mwaka 2006 katika iliyokuwa nyumba ya watumishi, kwa ajili ya watu wanne. Meya alipata chumba chake. Alipewa na ufunguo wake, na kwa muda mrefu alikuwa akifungua na kufunga, kufungua na kufunga, walezi wamemwacha tu. Asubuhi alitembea na mlezi hadi kiwanda cha mikate, akawa anaosha trei. Mwokaji mkuu alilalamika kwamba trei za Meya zinang'aa kuliko vyombo vya nyumbani kwake. Ile alama ya meno mkononi ilipona. Dada alikwenda kumwona kila Jumapili, na binti akaendelea kuendesha lori lake. Hiyo ilikuwa miaka ambayo dada alilala usingizi.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Kabla hajauzoea, mwanzoni mwa mwaka 2021, halmashauri ikatangaza kwamba nyumba ya watu wanne itafungwa na wakaaji wake watahamishiwa Kituo Kikuu, ambako kumtunza mtu mmoja ni nafuu zaidi. Wazazi walikaribishwa kwenda kukitazama.

Dada alikwenda na binti yake na mdogo wake. Hakuwa amekanyaga pale tangu utotoni. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya. Ndani kulikuwa na ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa ya sakafu, vitanda vimefungwa sakafuni kwa boliti, na milango yenye kitasa upande wa nje tu. Watu walikaa kwenye mabenchi kando ya ukuta. Suruali zao ziliandikwa namba ya bweni, si jina la mtu. Muuguzi aliyewatembeza alikuwa mpole na amechoka. "Mama, usituone wabaya," alisema. "Ukumbi mzima tuko wawili. Ukimlisha huyu, yule amejichafua. Mchana tunawakalisha tu, ndiyo usalama wao."

Walipokuwa wanatoka, mzee mmoja alimshika dada mkono wa blauzi. "Umekuja kunichukua?" akauliza.

Dada alifungua kinywa. Yule ambaye sauti yake ilifika jikoni hakuweza kutoa neno. Garini binti alizima injini, wakakaa hapo wakingoja dada atulie. "Anafanana na yule mdogo wangu," alisema mwishowe. "Kama angeachwa azeeke, angefanana naye."

Kikao cha bajeti kilikaa mwezi Machi. Dada alikwenda na miguu imevimba hivi kwamba alivaa ndara, na Meya akiwa kando yake. Kabla kikao hakijafunguliwa Meya alikuwa ameshampa mkono kila diwani, na mwenyekiti alilazimika kueleza ameshindaje. Mweka hazina alisimama akasema kwa upole kwamba hakuna asiyewahurumia watu hawa, ila bajeti ni finyu, na jambo lenyewe pengine lipelekwe wizarani.

Dada aliomba nafasi. "Mwenyekiti," alisema, "mimi nilikuwa opereta wenu. Nimewaunganisha watu na ofisi ambazo najua hazipokei. Mtu analia kwenye simu, mimi namwambia subiri, nakuunganisha. Leo nimekuja mimi. Naomba msiniunganishe na mtu mwingine. Mniambie nyinyi wenyewe, nikifa, huyu analala wapi."

Wazazi wengine nao walisema, na diwani mmoja ambaye hakuna aliyetegemea angesema alisimama akaeleza habari za shangazi yake mwenye ulemavu wa akili. Wakapiga kura. Nyumba ilibaki, kwa kura chache, kwa mwaka mmoja wa bajeti.

Nje wazazi walikumbatiana. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi, anahema.

"Umeshinda, dada," mdogo wake alimwambia.

"Nimeahirisha tu."

Alirudi kwenye kikao hicho mwaka 2022, na tena mwaka 2023 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kila mara nyumba iliongezewa mwaka mmoja. Kila mara, kura ikishapita, alianza kuogopa ya mwaka unaofuata. Alikiri kwa binti yake kwamba alikuwa anamwomba Mungu kitu ambacho mzazi haombi: Meya amtangulie, hata kwa siku moja. Alipokwisha kukisema alifunika uso.

Mwaka jana, alipoona nguvu zinamwishia, aliamua kumweleza Meya. Walikuwa jikoni katika nyumba ya watu wanne, mlezi anamenya viazi. Alimwambia kwamba moyo wa mama ni mgonjwa na utasimama, kama ule wa baba.

Meya alifikiri. "Halo akifa, nani atakuja Jumapili?"

"Dada yako atakuja. Na mjomba."

"Na dada akifa?"

Mlezi aliacha kumenya. Dada alimshika Meya ule mkono uliopona. Hakumdanganya. Alisema, "Ndiyo maana nawasumbua watu, baba. Ndiyo maana."

Hali yake ilibadilika mwezi Januari, akalazwa hospitali ya rufaa. Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, na familia inawashukuru. Siku ya mwisho binti alikuwa naye. Dada aliuliza, "Bajeti wanasoma lini?"

"Mwezi ujao, mama. Pumzika."

"Basi msichelewe kufika. Viti vya mbele hujaa."

Alifariki alasiri ya tarehe 6 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, wazazi wenzake waliokaa naye kwenye mabenchi ya halmashauri, na mwanawe, Meya, ambaye ameketi hapa mbele pamoja na mlezi wake. Ameambiwa, na ameelewa kwa namna yake. Akiwapa mkono, msiuondoe haraka; mwambieni mmeshindaje. Baada ya mazishi atarudi nyumbani kwake, chumbani kwake, na kesho asubuhi kiwanda cha mikate kinamsubiri. Hivyo ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho wa Juni, mwaka wa bajeti unapokwisha. Baada ya Juni familia haijui, na hatutasimama juu ya kaburi la dada tukajifanya tunajua.

Apumzike sasa, ameogopa vya kutosha. Zamu ni yetu.