Shavu la Kushoto la Bi Bimkubwa

Waombolezaji, assalamu alaykum, tunayemzika leo ni Mzee Matano bin Ngwali, aliyezaliwa Wingwi tarehe 3 Machi 1944, akalelewa na bibi yake, Bi Bimkubwa binti Masika, mwenye kovu shavu la kushoto, na kovu hilo mlishike.

Alisoma chuo cha Kurani na skuli hadi darasa la sita, mwaka 1957, kisha akawa fundi wa redio Konde, fundi ambaye redio mbovu ikimsikia akikohoa tu inaanza kusema. Tarehe 9 Juni 1967 mzee mmoja wa Tibirinzi alimpa taa ya kurushia picha ukutani na sanduku la picha za vioo, za kampuni ya kigeni iliyokuwa zamani ikipiga picha visiwani na kuziuza mbali, na katika kioo kimoja, penye jamvi la karafuu, akamuona Bi Bimkubwa, ambaye hakuacha picha nyingine duniani.

Lakini marehemu hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo, pembeni mwa kioo palibandikwa kidoa cheupe cha karatasi, akasema hilo ni jicho la kampuni, akakikwangua, akatia nukta yake ya wino upande wa pili.

Tarehe 18 Aprili 1970 alimuoa Bi Tatu binti Yussuf, wakajaaliwa watoto watano, na harusini taa ikawashwa, kovu likatokea shavu la kulia, shemeji yake, Bwana Khatib, huyo aliyekaa mbele, akapaza sauti, "Shemeji, bibi yako kahama shavu! Huyo bibi wa watu!" Tangu hapo marehemu aliishuku kampuni kuwa imebadilisha sura, akaandika barua saba, hazikujibiwa, akaishuku posta, akamshuku hata msomaji wenu huyu wa risala, aliyeishika taa ile harusini kwa mkono usio na mfano kaskazini nzima.

Mei 2025 kifua kilimbana, akalazwa Chake Chake, daktari akainua picha ya eksirei ya kifua dirishani, akaguna kuona moyo uko upande usio wake, akaigeuza, ukarudi mahali pake. Marehemu akamshika mkono, "Daktari, hebu igeuze tena," kisha akaagiza kioo chake, akakigeuza mwenyewe, kovu likarudi kushoto, kumbe kidoa kile alichokikwangua kiliwekwa kuonesha upande wa kushikia kioo kinapotiwa kwenye taa, basi. Akaitwa Bwana Khatib, akatazama, akasema, "Nisamehe, shemeji, ndiye."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, kioo kikiwa kifuani.

Tunawashukuru madaktari, majirani na mafundi wa Konde, na wanaotaka kukiazima kioo waanze kwa kutuambia wametumwa na nani.

Lala salama, Mzee Matano, bibi yako ni yule yule.