Katekista Venansi na Shauri la Mirija Mitatu

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote tumeombwa kutaja kwamba marehemu anazikwa huku Shauri la Nidhamu Kuhusu Matumizi Yasiyoidhinishwa ya Mrija wa Pombe katika Kufafanua Fumbo la Utatu Mtakatifu likiwa bado wazi, maana tulipoiomba kamati ya kigango ilifunge kabla ya maziko, ili kaka yangu aende na jina safi, tulijibiwa kwamba akidi haikutimia. Basi mimi Eliud, mdogo wake, nitasoma historia yake kwa niaba ya familia.

Venansi alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, mtoto wa kwanza wa wakulima waliokimbia kutoka Muyinga, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1983 hadi 1989, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alielewa hesabu zote isipokuwa ile ya watatu kuwa mmoja. Tarehe 20 Septemba 1997 alifunga ndoa na Letisia, wakajaliwa binti mmoja, Imelda, na mwaka 2009 wakarudi nyumbani Mwakiro, Muyinga, kulima.

Agosti 2012 alimaliza kozi ya ukatekista huko Mushasha, Gitega, na muda wote wa kozi alipanga chumba mtaa wa Yoba, hukohuko Gitega, kwa mzee Nassoro, fundi cherehani, Mwislamu, ambaye yuko nasi hapa, na ambaye kila jioni alimchokoza, “We Venansi, mi niko na Mungu mmoja tu na kuamka alfajiri kunanishinda, we na watatu utaweza?” Marehemu alijibu kwamba hata yeye hawezi, na kwamba kila mfano wa Utatu alioujaribu ulimgomea njiani, ndiyo maana darasani alifundisha jambo moja tu, kwamba Mungu tangu milele hajawahi kukaa peke yake, kwa hiyo mfuasi hamwachi mwenzake asimame peke yake.

Kati ya wanafunzi wake wote aliyempenda zaidi ni Prosper, aliyekuja mwaka 2015, mtu mzima tayari, mwepesi wa maneno, akamfanya msaidizi wake, na kwenye mtungi wa pombe ya mtama akampa mrija wake mwenyewe anywee, jambo ambalo kwetu mtu humfanyia yule tu asiyemwogopa.

Juni 2021 kamati ilipokea mashtaka kwamba Jumamosi ya tarehe 29 Mei, mkesha wa Sikukuu ya Utatu, darasa la marehemu lilifundishwa kuwa Mungu ni kama mtungi mmoja wenye mirija mitatu. Kamati ilikaa vikao vitatu, kila kimoja na mwenyekiti wake, ikajadili kama pombe hiyo ilikuwa ya mtama au ya ndizi, na ni nani hasa aliyekuwa akiivuta, kisha ikamwita marehemu, naye akasema, “Darasa ni langu, niulizeni mimi,” akaketi. Prosper alipoitwa kutoa ushahidi alisimama mbele ya mwalimu wake, akaeleza kwamba mfano ule aliusikia kwake, tena alikuwa amemwonya, kwa heshima zote. Wiki iliyofuata darasa lilikuwa la Prosper.

Njiani kurudi nyumbani Letisia alimuuliza, “Baba Imelda, mbona umenyamaza?” naye akajibu kwamba anamsubiri Prosper aseme mwenyewe. Kamati ilikuwa imeamuru kwamba, shauri likiwa bado halijafungwa, marehemu aanze upya mafundisho ya awali, kuanzia Ishara ya Msalaba, chini ya Prosper huyohuyo, akaenda kila Jumamosi, akakaa benchi la nyuma, akafaulu kwa alama za wastani.

Machi 2024 figo zilianza kumsumbua, tukampeleka Gitega, akawa analala kwa Imelda, ambaye ni mwalimu Mushasha na anaishi Yoba, kila alipotoka hospitalini, na mlango ulipobishwa aliuliza, “Ni Prosper?” Alikuwa Nassoro, na chupa ya uji. Prosper alituma salamu, kwa niaba ya kigango. Jumatatu tarehe 13 Januari 2025 Venansi alifariki, akiwa bado anasubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gitega, walimu wenzake na Imelda waliotoka Mushasha, majirani wa Mwakiro waliolipandisha jeneza kilimani kwenye utelezi wa mvua, mzee Nassoro aliyeshona suti anayozikwa nayo, kamati kwa turubai, na katekista Prosper, aliyetangulia kuzungumza hapa juu ya uaminifu, kwa kirefu. Kaka, pumzika katika amani ya Baba, na ya Mwana, na ya Roho Mtakatifu.

Ratiba imetuachia kipengele kimoja, Mengineyo. Tarehe 29 Mei 2021 Venansi hakuwa Mwakiro. Alikuwa Yoba, kwa Imelda, aliyekuwa amejifungua siku mbili kabla, na mchana alikula na mzee Nassoro. Somo la mirija lilifundishwa na Prosper.