Bi Usifute, Aliyewarudishia Watu Video Zao

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosafiri kuja kutuzikia: mimi na marehemu tumeachiana ziwa. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu shemeji yangu, mume wake, amesema hawezi, na binti yao amesema akianza hatamaliza. Mimi nimechoka kiasi kwamba hata kulia kumenishinda, kwa hiyo nimeonekana ninafaa. Mtanivumilia, nitasoma polepole.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa baba karani wa stesheni na mama mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alikuja duniani ameshika kitu mkononi na akakataa kukiachia. Hilo ni la mama, mkunga hakulithibitisha. Sisi tuliokua naye tulichokiona ni kwamba kila kilichotupwa na wenye nyumba, kuanzia vifungo na vizibo hadi miguu ya viti, kiliishia chini ya kitanda chake. Nami nililala kitanda hichohicho, ubavu wangu unajua. Ukimwuliza vya nini, alijibu, "Usitupe. Uliza kwanza."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1982. Hesabu alizipenda, nazo zilimpenda kwa kiasi. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha uhazili, akatoka na cheti na vidole ambavyo havikutulia tena. Hata tukikaa kula, alikuwa akipiga chapa juu ya kitambaa cha meza.

Kazi aliianza mwaka 1985 katika ofisi ya ardhi, akiwa mpiga chapa. Hapo ndipo alipokutana na shemeji. Mlango wa chumba cha wapiga chapa ulikuwa umevimba, akaitwa seremala. Mlango ambao fundi mwingine angeumaliza kabla ya chai, huyu aliutengeneza juma zima, na kila siku alikuwa anagundua ubovu mpya upande ule alioketi dada. Tangu siku hizo dada alimwita Fundi, na hakumwita jina lingine hata walipofunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, ambaye leo ni muuguzi.

Ndoa ile ilikuwa na ugomvi mmoja tu, nao ulidumu miaka yote. Shemeji ni mtu wa joto. Bila feni hapumui. Feni yao ya sebuleni ni ya tangu walipohamia, inazunguka kwa kelele za mkokoteni. Dada hakusikia redio, hakusikia simu, hakusikia wageni wakibisha. Akiingia, anaizima. Akitoka, shemeji anaiwasha. Kimya ndani ya nyumba ile kilikuwa na maana moja, kwamba mke yupo.

Maktaba ya mji ilipopata kompyuta zake za kwanza, mwaka 1998, walitafuta mtu asiyeziogopa, wakampata mtu ambaye kompyuta zilimwogopa yeye. Akawa msimamizi wa chumba kile hadi alipostaafu. Mnaokikumbuka mtakumbuka viti visivyofanana, pazia la kijani lililokosa kulabu mbili, na ile karatasi aliyoibandika ukutani: USIFUTE KABLA HUJANIULIZA. Wasomaji wakamwita Bi Usifute. Kwanza walimwita akiwa ametoka nje, baadaye wakamwita akiwa anasikia.

Siku moja ya mwaka 2009 aliingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni na kuanza kulia bila sauti. Baba yake alikuwa amefariki, na video pekee ya mzee huyo, akiwafundisha watu kusuka vikapu, ilikuwa kwenye tovuti fulani. Kila Jumamosi mwalimu alikuja kuitazama. Jumamosi hiyo tovuti ilikuwa imeiondoa.

Dada akamwuliza, "Ulikuwa unaitazama kwenye kompyuta ipi?"

"Hii hii. Sibadilishi."

"Basi inuka hapo, usiguse kitu."

Kwa wasiojua, nami nilikuwa mmoja wao mpaka aliponieleza kwa maneno ya jikoni: kile kivinjari tunachotumia kuingia mtandaoni kina tabia ya mama mwenye nyumba. Kikishakuonyesha video, vipande vyake hakivitupi. Huviweka pembeni, kwenye kabati lake la ndani liitwalo kache, ili ukirudi kisihangaike kuvitafuta upya. Mwenye kompyuta hajui kwamba anavyo. Shida ni kwamba vimewekwa shaghalabaghala, bila majina, vimechanganyika na takataka nyingine. Dada alivitafuta, akavipanga, akaviunga kimoja kimoja. Mzee wa vikapu akarudi, amekatika kidogo katikati, lakini anaongea.

Mwanamke aliyezoea kulala juu ya vifungo na vizibo asingeweza kuliacha jambo hilo liishie hapo. Alijifunza kuandika programu akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kupumzika. Mwaka 2010 akaitoa, akaiita Okota, akaiweka mtandaoni bure, kila mtu aichukue. Wapo waliomshauri aiuze. Aliwajibu kwamba mtu anayetafuta video ya marehemu wake tayari amelipa vya kutosha. Watu wa mbali wakaanza kumwandikia: huyu harusi, yule hatua za kwanza za mwanawe, mwingine mahubiri, mwingine mechi ya mtaani aliyofunga bao na hakuna aliyemwamini. Aliwajibu wote. Mara nyingi jibu lilikuwa gumu: umeshafuta, na juu yake kimeandikwa kingine, pole sana.

Kwenye ukurasa wa Okota aliweka video fupi ya majaribio. Mtu aitazame kwanza, kisha aiambie Okota iitafute. Ikiipata, ajue programu inafanya kazi. Video hiyo aliirekodi mwenyewe, sebuleni kwake, kwa sauti yake. Watu wenye mtandao wa kinyonga wakalalamika kwamba ni nzito, naye akaibadilisha, akaweka nyingine nyepesi ya saa ya ukutani, isiyo na sauti. Ile ya kwanza akabaki nayo yeye, kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Hakuna aliyeifikiria tena.

Mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani mafua. Septemba mwaka huo madaktari walimwambia kwamba ni saratani ya koo na kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe. Daktari alimshauri arekodi sauti yake kabla ya upasuaji, kwa ajili ya familia. Akasema, "Sauti yangu mnaijua. Mtarekodi kelele za nini?" Kinyozi hajinyoi. Yeye aliyewaokotea watu sauti za baba zao aliingia chumba cha upasuaji bila kuacha ya kwake.

Alipokuwa amelazwa, shemeji alibaki nyumbani peke yake na hakujua la kufanya na mikono yake. Seremala hafungi karakana bila kufagia. Alifagia nyumba, akaosha mapazia, akapaka rangi meza ya mkewe. Kisha akaiona kompyuta inayolalamika kila siku kwamba imejaa. Akaisafisha. Alifuta kila alichoruhusiwa kufuta, kache na video na yote, akaiwekea programu mpya juu yake, ili mkewe akirudi aikute nyepesi. Aliporudi, hana sauti, aliifungua, akaangalia kwa muda mrefu, akaandika kwenye kibao chake: "Fundi, uliuliza kwanza?" Halafu akacheka, ule mcheko wake mpya wa mabega tu. Akamshika mkono. Yeye alisamehe siku ileile. Shemeji hajajisamehe, na nimechoka kumwambia ajisamehe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Sitawasimulia, mliobeba mabeseni pamoja nami mnajua, na wasiojua wasijue. Hakulalamika, alikuwa hana cha kulalamikia nacho, naye mwenyewe aliandika mzaha huo, si mimi. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, asubuhi, nyumbani kwake, binti yake akimfunga kilemba.

Siku hiyo shemeji alimwambia binti yake neno moja tu. Alisema, "Nimeanza kuisahau sauti yake. Nisipoisikia kabla hatujamzika, nitamzika mara mbili."

Binti akaandika kwenye ukurasa wa Okota, akawaeleza watu kwamba mwenye programu ametutoka, na kuuliza kama kuna yeyote mwenye ile video ya kwanza ya majaribio. Zikaja pole nyingi. Video hakuna.

Jana alasiri aliingia uani kwetu yule mwalimu wa vikapu. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuijaribu Okota, kwenye kompyuta aliyonunua ili atunze video ya baba yake. Iliharibika kioo, akaiweka kabatini miaka yote. Nikamwuliza kwa nini hakuitupa. Akasema, "Si aliniambia nisifute kitu kabla sijamwuliza? Sikuwahi kumwuliza." Mwanawe alikuwa ameiunganisha na kioo kingine, wakaiambia Okota itafute.

Tukakaa sebuleni, feni ikipiga kelele zake juu ya vichwa vya wafiwa. Mwanzo wa video haupo, umepotea. Pichani unaonekana ukuta tu, na bega lake. Halafu sauti, ile yenyewe, yenye haraka: "Haya, hili ni jaribio la Okota. Moja, mbili... Fundi, zima feni bwana, narekodi."

Shemeji akainuka, akaenda ukutani, akaizima. Akabaki amesimama pale, mkono kwenye swichi, anasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyeiwasha tena, na hakuna aliyelalamika joto.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, kaka yetu mdogo wa mwisho, na watu wa Okota ambao hatuwajui wala hawatujui.

Mungu akupokee, dada, akupe utulivu ulioutafuta nyumbani kwako miaka yote. Lala sasa. Feni imezimwa.