Siku Nilipouza Kipande Changu cha Kiwanda

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, wakuu wa idara mliokaa mbele hapa, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa ushonaji, wa sponji, wa ghala na wa getini, na wewe mume wangu uliyechagua kiti cha nyuma kabisa jirani na mlango ili hotuba ikikuelemea upate pa kutokea: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa furaha.

Nimepewa dakika kumi na tano za kuwaaga. Mtu aliyeshona vitambaa vya magodoro kwa miaka thelathini na mmoja, akazeeka navyo, akapewa na jina la Mama Uzi mpaka majirani wakasahau jina lake la kuzaliwa, ataanzia wapi na ataishia wapi kwa dakika kumi na tano? Nilikuwa nimejiandaa kuwasimulia historia ya cherehani zetu, tangu zile za kukanyaga kwa mguu. Lakini Jumatatu wiki hii mabinti wa ukumbi wetu wa ushonaji walinizunguka wakati wa chai, kila mmoja na bahasha yake mkononi, wakaniuliza swali moja: "Mama, kampuni imetupa hisa. Tufanyeje nazo?"

Nikawaambia nitawajibu Ijumaa, mbele ya watu. Basi Ijumaa ndiyo hii, na cherehani zitanisamehe.

Mimi si mtaalamu wa fedha. Mtaalamu wetu ni Mhasibu, yule pale anayefuta miwani. Mimi nitawaeleza tu yaliyotokea nyumbani kwangu, maana bahasha kama hizo tulizipata mimi na mume wangu miaka tisa iliyopita, kiwanda kilipoingia kwenye soko la hisa. Siku ile tulikusanywa ukumbini, na Mhasibu akasimama kutueleza kwamba kila mfanyakazi wa muda mrefu anapewa kipande cha kiwanda. Nikanyoosha mkono nikauliza, kipande kipi? Kama ni cha kuchagua, mimi nachukua mashine ya kudarizi. Watu walicheka, lakini wapo waliokuwa wanasubiri jibu ili nao wachague.

Mhasibu akatufafanulia kwa subira. Hisa hupewi zote siku moja. Zinakuwa zako kwa mafungu matatu, fungu moja kila mwaka, ilimradi bado uko kazini. Ukimwaga unga katikati, zilizobaki zinarudi. Siku fungu linapokuwa lako, sisi tukaiita siku ya kuiva, serikali inakata kodi yake papo hapo, uuze usiuze. Zinazobaki ni zako, na uamuzi ni wako.

Sasa niwaambie kuhusu mume wangu. Mnamfahamu, ndiye dereva wa foklifti pale ghalani, mtu mpole, mtu wa kazi. Lakini tangu siku ile alibadilika. Alianza kutembea kiwandani kama mwenye nyumba. Akikuta taa inawaka korido haina mtu, anaizima. Akikuta mtu ameacha bomba wazi, anamwuliza kama anajua maji yale ni ya nani. Mlinzi mmoja alimwomba kitambulisho getini, akamjibu, "Unamwomba mwenye mali kitambulisho?" Alikitoa lakini, shingo upande.

Fungu la kwanza lilipoiva, hatukujadili hata dakika mbili. Tulishika zote, zake na zangu. Bei ilikuwa inapanda. Kila asubuhi, kabla hajanisalimu, alikuwa anafungua simu na kunitangazia tumeamkaje, na kuamka kwenyewe ni bei, si afya. Nikamkumbusha kwamba binti yetu wa mwisho anamaliza shule mwaka ule, na anataka kwenda chuo kusomea utengenezaji wa miguu na mikono ya bandia. Miaka minne, na ada yake si ya mchezo. Nikasema tuuze kidogo tuiweke pembeni.

Akaniambia, "Mama watoto, mtu hauzi kitu kinachopanda. Halafu Mkurugenzi atatuonaje? Ametupa zawadi, tukaipeleke sokoni?"

Hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali. Niliona kwamba kuuza ni kukosa adabu, sawa na mtu kukuvalisha kanga mpya halafu akaikuta imetandikwa barabarani inatafuta mteja.

Wapo walionionya. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ni muuguzi, na ulimi wake unapasua bila dawa ya usingizi. Alikuja siku moja, akaketi jikoni kwangu, akahesabu kwa vidole: "Mshahara wako unatoka kiwandani. Mshahara wa kaka yangu, kiwandani. Pensheni zenu, kiwandani. Akiba yenu sasa ni hisa, za kiwanda kile kile. Wifi, siku kiwanda kikiugua, nyumba yenu nzima nitailaza wodini kwangu." Mume wangu akamjibu kwamba magodoro hayaugui, watu watalala siku zote. Tukacheka, tukamkaribisha chai.

Miezi minne baadaye, Jumanne mchana, karakana ya kukata sponji ikashika moto.

Wenzangu mliokuwepo hamhitaji kusimuliwa. Tunashukuru hakuumia mtu hata mmoja, na tunawashukuru vijana wa zamu ile waliotoka kwa utaratibu kama walivyofundishwa. Lakini bila sponji hakuna godoro, na bila godoro mshonaji anashona nini? Tulikaa nyumbani wiki saba kwa nusu mshahara. Na wiki ile ile ya moto, bei ya hisa ilishuka ikapita nusu, ikaendelea kushuka. Hapo ndipo nilipoelewa vile vidole vya wifi yangu. Siku tuliyozihitaji hisa kuliko siku zote ndiyo siku zilipokuwa hazina thamani, kwa sababu kilichotupunguzia mshahara ndicho kilichozipunguzia bei.

Barua ya chuo ilifika wiki ya tatu. Binti yetu amepata nafasi, anatakiwa kulipa sehemu ya ada ndani ya mwezi. Tuliketi watatu mezani. Mume wangu alikuwa ameshika tama, simu ameifunika kifudifudi.

"Tukiuza sasa," alisema, "tunauza kwa bei ya kutupa, na ada ya miaka yote minne bado haifiki."

Binti akamwangalia baba yake, akasema, "Baba, msiuze. Nitaomba nafasi yangu wanishikie mwaka mmoja. Kule hospitali shangazi atanitafutia kazi ya usafi, nitazoea mazingira."

Alisema kwa sauti nyepesi kabisa, kama mtu anayeahirisha safari ya sokoni. Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo vyote vilikuwa vimeshaoshwa.

Ndugu zangu, nimeshona magodoro maelfu, lakini mwaka ule mimi mwenyewe sikupata usingizi mzuri juu ya hata moja.

Kiwanda kiliinuka tena, kama mnavyojua, kwa jasho la waliomo humu ukumbini. Bei ikapanda polepole mpaka ikafika ilipokuwa kabla ya moto, na fungu la pili likaiva. Safari hii tulijadili siku tatu. Tukakubaliana hivi: siku ile ile ya kuiva tunauza za kutosha ada ya miaka minne yote, na za kutosha kula miezi sita bila mshahara, na fedha hiyo inakwenda benki, mahali pasipo na uhusiano wowote na magodoro. Zinazobaki, kama robo hivi, pamoja na fungu la tatu likiiva, tunazishika, kwa sababu tunakiamini kiwanda chetu na kwa sababu hata zikipotea zote, hakuna mtoto atakayerudi nyumbani.

Mume wangu alikubali, lakini akagoma kwenda kutia saini. Alisema yeye hawezi kupita korido ya ofisi na fomu ya kuuza. Alitia saini yake nyumbani, akanikabidhi fomu zote mbili ndani ya gazeti. Nikapiga moyo konde, nikapanda ngazi wakati wa chakula cha mchana, nikijua korido itakuwa tupu.

Nafungua mlango wa Mhasibu, ninamkuta nani? Mkurugenzi Mkuu. Ameinama mezani, kalamu mkononi.

Akaangalia gazeti langu. Mimi nikaangalia karatasi yake. Ilikuwa fomu ile ile.

"Mama Uzi," akasema, "na wewe?"

"Na mimi, Mkurugenzi."

Mhasibu akapata ghafla kazi ya kutafuta kitu ndani ya droo.

Nilitaka kuomba radhi, na yeye nadhani alitaka kunieleza jambo, tukaanza kusema pamoja, maneno yakagongana. Mwishowe akanivutia kiti. Akaniambia anauza ili mama yake akafanyiwe upasuaji wa macho, na kwamba tangu asubuhi alikuwa anaona aibu, akifikiri wafanyakazi watasema nahodha anaruka nje ya chombo. Nikamwambia na sisi nyumbani tulikuwa tunamwonea aibu yeye. Alicheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha akaniuliza, "Mwisho wa mwezi ukipokea mshahara, Mama Uzi, huwa unaurudisha wote hapa ununue magodoro?"

Nikamjibu hapana, ninayo manne tayari.

"Basi hisa ni mshahara," akasema, "ila umevaa tai. Usiuogope. Heshima yako kwa kiwanda naiona kwenye mishono yako, sihitaji kuitafuta kwenye fomu."

Mheshimiwa Mkurugenzi, asubuhi ya leo ulinipa ruhusa ya kuyasema haya, ukaniomba tu nisiongeze chumvi. Naamini sijaongeza. Na mama yako sasa anaona vizuri. Nimemwona hapo mbele akisoma ratiba bila miwani.

Sasa msije mkaondoka hapa mkidhani nilikuwa mjanja wa soko. Tulipouza, bei iliendelea kupanda kwa mwaka mzima. Mume wangu alikuwa akinikokotolea kila Jumapili tungekuwa na kiasi gani, na kwa muda fulani nilikuwa naitwa Bibi Haraka ndani ya nyumba yangu. Fundi umeme wetu, yule mnayemjua, alishika zake zote mpaka mwisho, leo ana nyumba ya vyumba vitano. Alifanya vibaya? Hata kidogo. Hakuwa na mtoto wa kusomesha, na mke wake ana duka lake la dawa. Moto ungewaka tena, kwake chungu kingeendelea kuchemka. Kwa hiyo mabinti zangu, msiulize jirani ameuza au ameshika. Ulizeni, siku kiwanda kikisimama, ni nani nyumbani kwangu atakayesimama nacho? Anzeni na huyo. Kinachobaki, shikeni kwa raha zenu.

Na msijifanye hamna haraka kama mnayo. Ule mwaka mmoja wa binti yangu hakuna bei iliyoweza kuurudisha.

Mwezi uliopita alitualika kazini kwake. Siku hizi ana karakana yake ndogo ndani ya hospitali, ina harufu ya gundi na mbao. Tulimkuta na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, aliyekuwa anajaribu mguu mpya kati ya vyuma viwili. Alipiga hatua tatu akiwa ameng'ang'ania vyuma. Ya nne akaachia. Binti yangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, anatazama kifundo cha mguu tu, kama mimi ninavyotazama mshono. Yule mwalimu akatembea mpaka mwisho, akageuka, akauliza kama anaweza kurudia. Akarudia mara sita.

Tulitoka mimi na mume wangu mpaka kwenye ngazi za nje. Hapo akasimama, akanishika mkono, jambo ambalo halifanyi hadharani, akasema, "Mke wangu, nilikukokotolea vibaya."

Kwa wote mliofanya kazi nami, mlionifundisha na niliowafundisha, kwa uongozi ulionipa kazi na kwa mume wangu, ambaye naona bado hajatumia mlango: ninawashukuru kwa moyo wangu wote, na kwa utulivu mlionipa mchana huu, asanteni sana.